Ushauri: Pasaka na familia, Dodoma–Kondoa–Tarangire. Nitajuaje mapema kilichofungwa kwa mvua?

MamaJunior_Makulu
Mbukwenyi wakuu. Tunapanga safari ya siku nne wakati wa Pasaka, wakubwa wawili na watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Gari ni Noah. Tunatoka Dodoma mjini, tunataka kuona michoro ya kale ya miambani ya Kolo, tulale Babati, kisha Tarangire. Kurudi, ikiwezekana, tupitie Katesh na Singida. Najua ni wakati wa mvua. Ninachoomba ni njia ya kuhakikisha kabla ya kulipa chochote: barabara ipi haipitiki, kambi ipi imefungwa, nimuulize nani? Kwenye mitandao naona bei na picha za kiangazi tu.

Kalavati
Dada, tenganisha mambo matatu, maana kila moja lina mwenyewe: barabara ya kufika, njia za ndani ya hifadhi, na mahali pa kulala. Watu wanauliza "Tarangire iko wazi?", wanajibiwa ndiyo, na ni kweli: TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) hawafungi lango kwa sababu ya mvua. Ila kambi uliyoitaka inaweza kuwa imefungwa na mwenyewe tangu Machi au Aprili hadi mwisho wa Mei, na baadhi ya njia za ndani zinaweza kuwa chini ya maji.

Kwa malazi, uliza tarehe zako hasa. Usiulize "mko wazi Aprili?" Uliza "usiku wa Jumamosi ya Pasaka jiko linapika, na barabara kutoka langoni hadi kwenu inapitika kwa gari dogo?" Kambi nyingine hubaki na mlinzi na mtunzaji tu, simu inapokelewa kama kawaida.

Kwa barabara, jua kwanza ni ya nani. Dodoma–Kondoa–Babati ni barabara kuu ya lami, iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), kwa hiyo piga ofisi ya Meneja wa Mkoa, Dodoma kwa upande huu na Manyara ukishavuka mpaka. Njia za vijijini ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ofisi ya wilaya. Ukimuuliza TANROADS habari za njia ya kijiji atakujibu kwa ukarimu lakini haijui.

Mrangi_wa_Kolo
Kuhusu michoro, lami siyo shida. Kolo iko kaskazini mwa Kondoa mjini, palepale kwenye barabara kuu ya Babati. Unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale hapo kijijini, unaandikishwa, unalipa, unapewa mwongozaji. Bila yeye huendi.

Shida ni kutoka ofisini kwenda kwenye mapango ya Kolo B1, B2 na B3. Haifiki kilomita 10, lakini kuna korongo la mchanga la kuvuka na mawe ya kupanda, halafu mwisho unatembea kwa miguu juu ya mwamba. Kiangazi fowili ya juu (gari linalovuta kwa magurudumu yote manne) inapita vizuri. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Irangi, maji yanateremka kwa kasi kwa sababu ardhi ile imeliwa na mmomonyoko miaka mingi (ndiyo maana mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianzishwa 1973). Unaweza kukuta jua linawaka Kolo na korongo limejaa. Noah isiende huko Aprili, hata ikiwa fowili, tumbo lake liko chini mno. Ulizia ofisini kukodi gari la juu la hapo hapo, au pikipiki kwa wakubwa. Kama korongo limejaa, mwongozaji atakwambia, na neno lake liwe la mwisho.

Stendi_Nanenane
Nyongeza kwa alichosema Kalavati. Neno "inapitika" ni hatari. Fuso likipita, watu wanasema inapitika. Uliza hivi: "Leo imepita gari ndogo isiyo fowili? Saa ngapi? Maji yalifika wapi kwenye tairi?" Nenda stendi ya Nanenane asubuhi, ongea na makondakta wa magari yanayoingia vijijini Kondoa. Gari lao likianza kugeuzia njiani badala ya kufika mwisho, umeshapata jibu kabla ofisi yoyote haijatoa tangazo.

Msimu_Mmoja
Fuatilia TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), lakini jua unasoma nini. Dodoma na Singida tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Manyara na Arusha wana vuli na masika, na masika yao ni Machi hadi Mei. Safari yenu inavuka mstari huo: mvua inaweza kuwa inakata Dodoma huku Babati ndiyo inakolea. Kwa hiyo soma utabiri wa mikoa yote mnayopita.

Utabiri wa msimu unasaidia kuchagua mwezi. Wa kuamua kuondoka au kubaki ni ule wa siku tano wa hali mbaya ya hewa. Angalizo ni daraja la chini, tahadhari iko juu yake. Uangalie siku mbili kabla na tena usiku wa kuamkia safari.

Na usidhani lami haikatiki. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, Gairo, lilikatika na Dodoma–Morogoro ikafungwa. Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilishuka Katesh na kuziba barabara, yaani hiyo hiyo mnayotaka kurudia. Amueni mapema: Katesh ikiwa na tahadhari, mnarudi kwa Kondoa.

Lemiyon
Mimi ningesogeza safari hadi likizo ya Juni. Sababu ya kwanza si barabara, ni wanyama. Mvua ikiwepo maji yako kila mahali, kwa hiyo makundi makubwa yanatoka nje ya Tarangire. Kuanzia Juni hadi Oktoba yanarudi kwenye mto, na mtoto wa miaka minne anaona tembo bila kuzungushwa siku nzima.

Mkiamua Pasaka, bakini upande wa kaskazini wa hifadhi, maeneo ya Lemiyon na Matete. Msielekee kinamasi cha Silale wala mabwawa mengine ya kusini. Kule ni udongo mweusi wa mfinyanzi: ukikauka unapasuka, ukilowa unajaza kashata za tairi hadi tairi linakuwa laini kabisa, na kusukuma hakusaidii. Langoni muulizeni askari njia zipi zimefungwa leo.

Kibubu
Malipo langoni si ya fedha taslimu. Andaa kadi au namba ya malipo mapema, mtandao ukisumbua mnapoteza asubuhi. Beba NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, chini ya miaka 5 hawalipi.

MamaJunior_Makulu
Asanteni sana. Kolo tutakodi gari la juu, Katesh tunaiacha. Swali moja: tukikuta maji yanapita juu ya lami, Noah inavuka hadi kina gani?

Kalavati
Yakiwa yanatembea, usivuke. Sentimita 30 za maji yanayokwenda zinatosha kuinua gari dogo, na sentimita 60 zinabeba hata Prado. Usipime kwa macho, kwa sababu maji ya matope yanaficha lami iliyoliwa upande mmoja. Injini ikimeza maji, konrodi (vyuma vinavyosukuma pistoni) zinapinda, hapo ni kununua injini nyingine.

Geuza, rudi sehemu ya juu, mbali na kingo, usubiri. Makorongo yetu mengi hujaa haraka na kupungua baada ya saa kadhaa. Yakipungua, acha lori litangulie, kisha mtu mzima ashuke aangalie kingo za kalavati kabla ya gari kupita. Ndiyo maana muondoke saa 12 asubuhi: mvua za huku hupenda mchana na jioni, na mkikwama saa 4 asubuhi bado mna siku mbele.

Bebeni chepe, kamba ya kuvutia, kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki isizame, maji lita 20 na chakula cha watoto cha siku nzima. Jazeni tenki Dodoma, ongezeni Kondoa.

Lemiyon
Na kabla ya kutuma advansi ya hoteli, pata kwa maandishi, hata WhatsApp, kwamba barabara ikifungwa mnahamisha tarehe bila kukatwa. Wengi wanakubali kipindi cha mvua, kwa sababu vyumba viko tupu. Akikataa, tafuta nyingine Babati mjini, kando ya lami.