Tupeane uzoefu: gari la gia, mlima na siku ya mtihani

Mguu wa Kushoto
Wakuu, leo nimemwona mwanafunzi kwenye makutano, taa ya kijani imewaka, gari limemzimikia. Nyuma wanampigia honi utadhani honi ndiyo inawasha injini. Mwili ukanisisimka. Mwalimu wangu neno lake lilikuwa moja, "achia klachi polepole." Polepole ipi? Hakusema kuna mahali klachi inaposhika, mlio wa injini unazama, pua ya gari inainuka kidogo, na hapo mguu unatulia kwanza kabla hujaongeza mafuta. Nilipaelewa siku aliponikataza kabisa pedali ya mafuta, nikawa natoa gari kwa klachi tupu kwenye tambarare. Tupeni visa vyenu, na wenye mtihani karibuni wasome.

Zuwena_K
Klachi tupu ndiyo dawa. Naunga mkono.

Fundi Spana
Kwenye dizeli sawa, inavuta hata injini ikizunguka polepole. Petroli yenye injini ndogo ukiharakisha kidogo tu imezima. Na mkishaondoka, toeni mguu juu ya klachi! Mnaulaza pale mnapumzika, sahani ya klachi inakwisha. Ile harufu mnayoisikia mlimani hakuna jirani anayechoma taka, ni klachi yenu.

Bi Shangwe
Umetaja mlima, ngoja niseme langu.

Siku ya mtihani mtahini kaniambia nisimame katikati ya mlima, nivute handibreki, kisha niondoke bila gari kurudi nyuma. Zoezi nalijua hata usingizini. Nikasimama, nyutro, handibreki krrr mpaka juu, nikatoa mguu kwenye breki. Gari likaanza kurudi. Taratibu, ule mwendo wa kukufanya udhani gari la pembeni ndilo linakwenda mbele. Natupa jicho kwenye kioo, bampa ya lori inazidi kuwa kubwa.

Gari lilikuwa la chuo, na handibreki ile ilikuwa imelegea tangu tuanze kujifunza. Tulisema, tukajibiwa "mtazoea."

Mtahini akafungua mkanda! Mkono mmoja mlangoni, mwingine umekumbatia faili. Nikakanyaga breki na klachi pamoja, nikatia namba moja, nikaipandisha klachi mpaka injini ikazama na usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Mguu wa kulia nikauhamishia kwenye mafuta, tukapanda. Hakuna aliyesema neno. Tulipofika juu akafunga mkanda wake, akaniambia, "Kata kushoto."

Dereva Mtarajiwa
Dada, ukafaulu???

Kobe wa Lami
Chai hii. Mtahini hawezi kuruka kutoka kwenye gari.

Zuwena_K
Kwani kasema aliruka? Rudia kusoma.

Kobe wa Lami
Gari la mtihani linakaguliwa kwanza.

Zuwena_K
Linakaguliwa na nani, na wewe?

Mzee wa Otomatiki
Mnajitesa bure. Otomatiki zipo, miguu miwili ya nini?

Mguu wa Kushoto
Mzee, kuna nchi, Uingereza mojawapo, ukifanyia mtihani kwenye otomatiki leseni inakufunga hukohuko. Siku kuna mgonjwa na gari lililopo ni la gia?

Mzee wa Otomatiki
Naita teksi.

Dereva Mtarajiwa
Bi Shangwe, tunasubiri.

Soli Nyembamba
Wakati mnamsubiri: vioo visitazamwe kwa macho pekee. Mtahini haoni mboni zako, anaona shingo, kwa hiyo geuza shingo. Rivasi isiingie mpaka gari lisimame kabisa. Na kiatu kiwe cha soli nyembamba, klachi uisikie.

Kobe wa Lami
Peku ndiyo mpango mzima.

Soli Nyembamba
Peku mguu ukitoka jasho unateleza kwenye pedali. Mshaurini kwa akili.

Kobe wa Lami
Mjomba wangu anaendesha peku, na mtelemko anatia nyutro kubana mafuta. Hajapata ajali.

Fundi Spana
Mjomba wako ana bahati. Mtelemko mrefu gia ndiyo inasaidia breki, ukitia nyutro breki zinabeba mzigo wote, zikipata moto hazishiki. Halafu injini za siku hizi zenye kompyuta, ukiwa kwenye gia ukaachia pedali, zinakata mafuta zenyewe. Habani chochote huyo.

Bi Shangwe
Jamani nilikuwa kazini. Nilifaulu. Alama alinikata kwenye kupaki, tairi la nyuma lilikanyaga mstari. Ya mlimani hakuandika kitu.

Zuwena_K
Na handibreki waliitengeneza?

Bi Shangwe
Nitajuaje? Niliwakabidhi ufunguo nikaondoka.

Dereva Mtarajiwa
Mimi mtihani kesho asubuhi. Kwa hiyo peku au viatu?

Soli Nyembamba
Viatu.

Kobe wa Lami
Peku.