Moshi wa tanuri la simenti Tanga, unaweza kugeuzwa gesi?

Mwl_Pongwe
Wakuu habari za mchana. Nafundisha kemia huku Pongwe na vijana wa form six wamenibana na swali. Wamesoma kwamba ukichanganya kaboni dayoksaidi na haidrojeni ukapitisha kwenye nikeli ya moto unapata methani, gesi ile ile inayochimbwa Songosongo. Sasa wanauliza kwa nini nikeli lazima ibebwe juu ya alumina (oksidi ya alumini), isiwe nikeli tupu? Na kama kichocheo, yaani hiyo nikeli inayoharakisha mmenyuko, kipo, kwa nini sisi wa Tanga tusifanye wakati matanuri ya simenti tunayo hapa hapa?

Raskazone
Mwalimu shikamoo. Hiyo ni kazi ya Paul Sabatier, Mfaransa, alipata Nobel 1912. Gesi inakutana na nikeli juu ya uso tu, atomu zilizo ndani ya punje hazifanyi chochote, kwa hiyo wanachukua alumina yenye vitundu vingi wanailowesha na maji ya naitreti ya nikeli, wanakausha, wanachoma, halafu wanapitisha haidrojeni ya moto mpaka inabaki nikeli ya punje za nanomita chache zimetapakaa kote. Na mmenyuko wenyewe unatoa joto kali, kilojuli 165 kwa kila moli, sasa nikeli ikiwa tupu punje zinafuatana na kuungana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi, uso unapungua na kazi inakufa. Alumina inazishikilia zisisogeleane.
Ila kibebeo sio sahani tu. Ukiweka oksidi ya seriamu badala ya alumina, yenyewe inaidaka kaboni dayoksaidi, ndo maana nikeli hapo inafanya kazi kwenye joto dogo zaidi. Na ukibadili metali unabadili unachopata: shaba na oksidi ya zinki juu ya alumina, digrii 200 mpaka 300, presha ya baa 50 hadi 100, unapata methanoli.

bintiNgamiani
Kichocheo sio shida jamani, shida ni haidrojeni. Kilo moja ya methani inataka nusu kilo ya haidrojeni, na nusu ya hiyo haiingii hata kwenye gesi, inaishia kuwa maji. Kupasua maji kwa umeme kunakula kama uniti 50 kwa kilo ya haidrojeni, kwa hiyo umetumia uniti 25 kupata gesi ambayo ukiichoma inarudisha kama 14. Bila umeme wa bei ya chini sana, tena usiotoka kwenye gesi, hapo hamna biashara.

Mwl_Pongwe
Nimewaelewa sana. Na moshi wenyewe je, unafaa kuingizwa moja kwa moja?

fundi_mtambo
Hapana mwalimu. Ni kweli simenti ina kaboni dayoksaidi nyingi, zaidi ya nusu inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe likichomwa, kwa hiyo hata wakibadili makaa bado itatoka. Lakini moshi ule una vumbi, una oksijeni itakayoichoma haidrojeni yako bure, na una salfa. Salfa hata chembe inang'ang'ania nikeli na haiachii, kichocheo kimekwisha.
Mimi ningeanza na mkonge. Pale Hale walishajenga mtambo wa biogesi ya mabaki ya mkonge, na biogesi kwa kawaida karibu asilimia 40 ni kaboni dayoksaidi, iliyobaki tayari ni methani. Ukitoa salfa yake unaongeza haidrojeni tu. Wajerumani pale Werlte walianza kufanya hivyo 2013, kaboni dayoksaidi ya biogesi na umeme wa upepo.
Ila nakuomba sana usijaribu maabara ya shule. Nikeli iliyopoa ikikutana na kaboni monoksaidi inatengeneza nikeli kabonili, ni mvuke na ni sumu ya kuua.

Mwl_Pongwe
Ahsanteni mno. Maabara hatugusi, kesho nawapa hesabu ya bintiNgamiani waipige kwa bei ya Luku, kisha waifanye upya kwa biogesi ya mkonge. Fundi, salfa ya biogesi wanaitoaje, chuma chenye kutu kinatosha?

fundi_mtambo
Kwa kuanzia kinatosha, kinadaka haidrojeni salfaidi vizuri tu. Ila kabla ya nikeli weka na oksidi ya zinki ya moto, inamalizia ile kidogo iliyobaki.