Walimu wa udereva, acheni kuwafundisha watu kukanyaga klachi wakati gari limesimama

Wakuu, salaam. Jambo hili nimelivumilia kwa muda mrefu, na leo ninaliandika nikiwa na hasira kwa sababu limetoka kwenye gari langu likaingia hadi kwenye familia yangu. Malalamiko yangu yanawahusu walimu wa udereva ambao humwambia mwanafunzi kwamba akifika kwenye mataa aikanyage klachi mpaka chini, aingize gia namba moja, kisha akae hivyo hivyo akisubiri taa ya kijani, hata kama foleni imesimamishwa kwa dakika tano. Mwanafunzi huyo hupata leseni, hupewa gari la mtu, na tabia aliyoanza nayo siku ya kwanza huendelea nayo maisha yake yote ya kazi.

Ninamiliki kirikuu inayobeba mizigo ya wateja kutoka Kariakoo kwenda Mbagala, Gongo la Mboto na kwingineko hapa Dar es Salaam. Klachi yake ilikuwa mpya, ilifungwa na fundi ninayemwamini, lakini ikaanza kuteleza mapema mno: injini inanguruma, gari haliongezi mwendo. Fundi aliposhusha gia boksi alinipangia vifaa vyote juu ya benchi nivione kwa macho yangu. Pleti, ile sahani ya kusuguana, ilikuwa imelika mpaka ribiti zimetokeza na kuchora mistari kwenye flaiwili, lile gurudumu la chuma la injini. Uso wa presha pleti, inayoibana pleti, ulikuwa na mabaka ya bluu, ile rangi ambayo chuma huipata kikiungua. Ncha za vidole vya springi, mahali ambapo beringi ya klachi husukuma, zilikuwa zimechimbika na kung'aa, na beringi yenyewe ukiizungusha kwa mkono ilikuwa ikikwaruza kana kwamba imejaa mchanga.

Nilipomuuliza dereva wangu, hakubisha wala hakudanganya. Alinijibu, "Bosi, chuoni ndivyo tulivyofundishwa. Ukiwa kwenye foleni mguu wa kushoto usitoke kwenye klachi, maana gari likizima watu wanakupigia honi." Nilidhani ni mwalimu mmoja tu asiyejua kazi. Baadaye mpwa wangu akaanza mafunzo katika shule nyingine kabisa, na nilipompeleka mwenyewe kufanya mazoezi nikaona kitu kile kile. Tulisimama kwenye mataa, nikamwambia aweke nyutro, avute hendibreki na kupumzisha mguu. Akaniangalia kwa wasiwasi: "Mjomba, mwalimu amesema nikifanya hivyo siku ya mtihani trafiki atanifelisha." Huyo ni binti anayelipa ada ili afundishwe kuendesha gari, na anachofundishwa ni kuliharibu.

Naomba nieleze kinachotendeka humo ndani, kwa sababu ninaamini baadhi ya walimu hawa hawajawahi kuiona klachi ikiwa imefunguliwa. Pleti ya klachi imebanwa katikati ya flaiwili, inayozunguka pamoja na injini, na presha pleti, ambayo ina springi kali. Usipokanyaga pedali, springi hiyo inabana kila kitu kwa nguvu na nguvu ya injini inakwenda kwenye gia. Ukikanyaga, beringi inasogea mbele na kuvisukuma vidole vya springi ili pleti iachiwe. Maana yake ni kwamba muda wote mguu wako uko chini, beringi inazunguka ikiwa imebeba mzigo wote wa springi. Injini ikiwa katika sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, hufanya mizunguko kati ya 700 na 900 kwa dakika. Katika foleni ya dakika tano beringi hiyo imezungushwa si chini ya mara 3,500 huku ikikandamizwa, na gari halijasogea hata hatua moja. Ungeweka nyutro na kuachia pedali, mzigo huo usingekuwepo.

Si beringi peke yake inayoumia. Msukumo ule unapita kwenye presha pleti na flaiwili, unafika kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini, na kuisukuma upande mmoja. Kinachoizuia krenki isisogee ni vipande vyembamba vya chuma vyenye umbo la nusu mwezi, na vipande hivyo vikilika, shughuli yake si ya klachi tena, ni ya kufungua injini. Kwa magari yanayotumia mafuta ya haidroliki badala ya waya kuisukuma klachi, ongeza mipira ya silinda za klachi, ambayo inakaa kwenye presha kila unaposubiri. Waya nao unavutwa muda wote huo bila sababu.

Najua kuna watakaokuja kusema kwamba pedali ikiwa chini kabisa pleti hailiki. Ni kweli, na mimi sijasema inalika kwa njia hiyo. Lakini mguu wa binadamu unachoka. Dereva aliyekanyaga klachi tangu mwanzo wa foleni, baada ya muda mfupi mguu wake unapanda kidogo bila yeye kujua, pleti inaanza kugusa flaiwili inayozunguka, na hapo ndipo inapoanza kuungua. Na yule aliyezoea kwamba makazi ya mguu wa kushoto ni juu ya klachi, ataendelea kuulaza hapo hata akiwa gia namba nne kwenye barabara iliyo wazi. Nimekaa pembeni ya dereva wangu nikaona akifanya hivyo kutoka Mtoni mpaka Rangi Tatu. Yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Ubaya zaidi uko kwenye mwinuko. Nendeni mkasimame pale kwenye mwinuko wa kupandia unapotoka kwenye pantoni ya Kigamboni, watu wa miguu wakiwa wamejaa mbele ya magari. Utaliona gari limepakia mizigo, halina breki iliyokanyagwa, limeshikiliwa na klachi nusu na mafuta kidogo, likisogea mbele kiasi cha shubiri na kurudi nyuma kiasi cha shubiri. Harufu ya pleti inayoungua unaipata ukiwa magari mawili nyuma. Dereva anajiona hodari kwa kuwa gari halirudi. Gari halirudi kwa sababu pleti inasuguliwa mfululizo, na nguvu ya injini inayoushikilia mzigo wote inageuka kuwa moto katika sahani hiyo ndogo ya kusuguana. Mabaka ya bluu niliyoonyeshwa yanatokana na mchezo huo.

Hapa nitawasema na wamiliki wenzangu, ingawa sikuja kwa ajili yao. Magari mengi ya biashara hendibreki haishiki. Ukiivuta inakuja mpaka juu na gari linatembea tu. Dereva wa gari la aina hiyo utamlaumu vipi akitumia klachi kulishikilia kwenye mwinuko? Kukaza waya wa hendibreki ni kazi ndogo kwa fundi yeyote, na gharama yake haifikii hata robo ya kushusha gia boksi. Rekebisheni kwanza, ndipo mdai nidhamu kwa dereva.

Baada ya hapo, hoja inarudi kwa walimu, kwa sababu wao ndio chanzo. Mwalimu anafundisha hivi kwa kuwa anaogopa mwanafunzi atachelewa kuondoka taa ikiwaka kijani, gari litazima, na wenye magari ya nyuma watapiga honi. Kwa maneno mengine, badala ya kumfundisha mwanafunzi kuondoka vizuri kutoka nyutro, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea halichukui hata sekunde mbili, anamfundisha namna ya kulikwepa. Kisha anampeleka mtihani, anafaulu, na gharama inahamia kwa mtu mwingine. Tena angalieni ni nani anayebeba gharama hiyo. Wengi wanaohitimu kwa ajili ya kuendesha gari la nyumbani wanaishia kwenye otomatiki, ambayo haina hata hiyo pedali. Wanaobaki na gari la gia za mkono ni watu wa kirikuu, wa Hiace na Coaster za abiria, wa Canter na Fuso: watu ambao gari likilala gereji hakuna hesabu inayoingia. Dereva wangu alikaa nyumbani bila posho wakati gari liko juu ya mawe, na yeye ana watoto kama mimi. Kwenye daladala hali ni mbaya zaidi, maana deiwaka anayeshika usukani kwa siku moja hataiona klachi hiyo ikiisha, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia tofauti.

Kuna suala la usalama pia, na hili ndilo linalonifanya nisiweze kunyamaza. Gari lililosimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, gia namba moja ikiwa ndani, linazuiwa kuondoka na mguu mmoja tu. Barabara ya Mandela, pale chini ya daraja la Mfugale Tazara, ambapo sisi wa Mandela bado tunasubiri mataa hata baada ya wenzetu wa Barabara ya Nyerere kupewa njia ya juu mwaka 2018, wauza maji na karanga wanapita katikati ya magari, bodaboda wanajipenyeza mbele ya bampa, wanafunzi wanavuka. Mguu uliochoka ukiteleza, au waya wa klachi ukikatika wakati huo, gari litaruka mbele kabla halijazima. Waya hukatika hasa wakati umevutwa, yaani wakati huo huo ambao mwalimu anasisitiza uendelee kuuvuta. Gari lililo kwenye nyutro na hendibreki imevutwa haliwezi kumrukia mtu.

Sitaki kueleweka vibaya. Ukisimama kwa sekunde chache tu, kwa mfano kumpisha mtu avuke, baki na klachi yako, hakuna atakayekulaumu. Ukiwa wa mwisho kwenye foleni na nyuma kuna gari linakuja kwa kasi, baki kwenye gia ukiangalia kioo mpaka lisimame, kwa sababu unaweza kuhitaji kukwepa. Hayo mawili nayakubali. Likishasimama, weka nyutro, vuta hendibreki, toa mguu. Na katika foleni inayotambaa, usisogee kila nafasi ya futi mbili inapopatikana kwa klachi nusu. Subiri pafunguke nafasi ya magari mawili au matatu, ondoka kwa namba moja, achia klachi yote, uende. Mtaniambia watu watanichomekea. Waacheni wachomekee. Aliyechomekea atakutangulia kwa urefu wa gari moja, na hiyo si sababu ya kuunguza pleti.

Ninachodai ni hiki. Mwalimu wa udereva afundishe kuondoka kutoka nyutro kwenye barabara tambarare na kwenye mwinuko kwa hendibreki, kabla hajamwingiza mwanafunzi kwenye foleni ya Buguruni au Mwenge. Kila shule iwe na klachi moja kuukuu iliyofunguliwa mezani, pleti, presha na beringi, mwanafunzi aishike mkononi siku ya kwanza. Gereji zina vyuma chakavu vya aina hiyo vimetupwa kila kona, havihitaji bajeti. Na askari wanaosimamia mitihani watamke wazi kwamba kuweka nyutro kwenye taa nyekundu si kosa la kumfelisha mtu, maana hofu hiyo inasambazwa kwa jina lao.

Kama humu kuna mwalimu wa udereva anayefundisha kukaa na klachi chini kwenye mataa, namwomba ajitokeze aeleze sababu ya kiufundi, si ya honi. Na mafundi mliomo humu, wekeni picha za pleti na beringi mnazozitoa kwenye magari ya wateja, pamoja na maelezo ya jinsi gari lilivyokuwa likiendeshwa, niwapelekee walimu wa mpwa wangu wakazione.