Tinkcha ya bangi kwa mgonjwa wa kansa, kuna mwenye uzoefu?

Binti_Kibosho

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, ila tafadhali msije na mizaha maana hapa nilipo nimechoka kweli.

Maza ana miaka 63, tupo Kibosho. Mwanzoni mwa mwaka aligundulika na kansa ya shingo ya kizazi, sasa hivi yuko kwenye kemo hospitali ya KCMC Moshi, tunashuka na hiace alfajiri tunarudi jioni. Siku ya dripu anakuwa mzima tu anapiga stori na wenzake, shida inaanza kesho yake usiku, anatapika mpaka inabaki ile nyongo ya njano, na chakula hatamani kabisa. Mtori aliokuwa anaupenda kuliko kitu chochote, nikimletea bakuli anageukia ukutani. Halafu nyayo zinamwaka moto, anasema ni kama amekanyaga makaa, usiku anatoa miguu nje ya blanketi na baridi yote ile ya kwetu.

Sasa dada yangu yuko Denver, jimbo la Colorado kule Marekani, na mwezi ujao anakuja. Anasema kule wagonjwa wa kansa wanatumia tinkcha ya bangi, kichupa cheusi chenye mpira wa kudondoshea kama cha dawa ya macho, matone unaweka chini ya ulimi basi. Anauliza alete? Mimi nataka kujua inasaidia kweli au ni biashara za watu, na je maza atalewa? Pia maza ni mama wa WAWATA, wale wanawake wakatoliki, akisikia neno bangi tu hatakubali hata kuigusa, kwa hiyo nilikuwa nafikiria nimwekee kwenye uji bila kumwambia, nimwambie baadaye akishapata nafuu.

Nilisahau, anatumia pia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, maana mwezi wa tatu damu iliganda mguuni.

babu_wa_Usa

Pole sana mwanangu. Huku Usa River wazee walikuwa wanaloweka majani kwenye gongo wanachua magoti, marehemu bibi yangu alikuwa na chupa yake chini ya kitanda. Kuchua tu lakini, hakuna aliyekunywa. Usije ukadanganywa na mtu wa mtaani akakutengenezea ya kunywa, hujui ameloweka kwenye nini, kuna spirit zinapofusha macho. Namwombea mama.

Mfamasia_Sakina

Binti pole sana, nimesoma post yako mara mbili. Mimi ni mfamasia hapa Arusha. Huo mstari wako wa mwisho uliosema umesahau ndio ungetakiwa uwe wa kwanza. Wafarini na CBD, ile kemikali ya bangi isiyolevya, haziendi pamoja hivi hivi tu. CBD inalizuia ini lisiivunjevunje wafarini, kwa hiyo inarundikana kwenye damu, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinapanda na mtu anaanza kuvuja damu, fizi, pua, tumboni, na mgonjwa wa shingo ya kizazi huko chini ndiko ambako hutaki damu ianze. Madaktari wa Marekani walishaandika habari za mgonjwa waliyelazimika kumpunguzia wafarini kwa sababu ya CBD.

Kuhusu kusaidia, nakujibu kwa haki maana sipendi wenzangu wanaofoka tu wakisikia bangi. Tinkcha maana yake dawa iliyolowekwa kwenye alkoholi, na ya bangi si kitu kipya. Daktari mmoja wa Ireland, O'Shaughnessy, aliandika habari zake akiwa Calcutta mwaka 1839, alimpa hadi mtoto mchanga mwenye degedege, na baada ya hapo ikakaa kwenye maduka ya dawa Uingereza na Marekani miaka mingi. Marekani waliitoa kwenye kitabu chao cha dawa mwaka 1942. Kitu kilichowatesa wafamasia wa zamani ni kwamba chupa moja ilikuwa kali na nyingine kama maji, hakuna aliyejua ndani kuna nini, THC yenyewe, ile kemikali inayolevya, imekuja kutambuliwa mwaka 1964.

Na tatizo hilo bado lipo. Mwaka 2017 ulitoka utafiti Marekani, walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, zenye kiasi sawa na lebo hazikufika hata theluthi, na 18 zilikutwa na THC. Hiyo ni kule, kwenye maabara na sheria zao.

Zilizothibitishwa zipo. Marinol, ambayo ni THC ya kutengeneza kwenye kidonge, Marekani waliipitisha 1985 kwa kutapika kwa kemo pale dawa za kawaida zinaposhindwa. Epidiolex, CBD iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, ilipita 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Sativex ni ya kupuliza mdomoni, kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD, wanapewa wenye ugonjwa wa MS, unaoshambulia mishipa ya fahamu, misuli ikikakamaa. Walipoijaribu kwa maumivu ya kansa, majaribio makubwa hayakufikia lengo. Kwa hiyo kwa kichefuchefu ushahidi upo, kwa maumivu ni dhaifu.

Piga na hesabu uone. Chupa ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 1000, mpira mmoja uliojaa ni kama miligramu 33. Mtoto wa kilo 20 mwenye kifafa anapewa 200 hadi 400 kwa SIKU. Chupa nzima ingemfikisha siku tano, au mbili na nusu. Ndiyo maana nasema yale matone mawili matatu watu wanayoyasifia sana mara nyingi hayafanyi lolote, na yanayofanya kitu huenda ni kwa sababu ya THC ambayo lebo haikuitaja.

Jambo jingine, kemo inachubua mdomo. Mwangalie maza ndani ya mashavu na chini ya ulimi, kama kuna vidonda halafu umdondoshee alkoholi hapo atapiga kelele.

Kwa kansa hiyo dripu mara nyingi ni sisplatini, na sisplatini ndiyo inayotapisha kwa kuchelewa, siku ya pili na ya tatu, na ndiyo inayochoma nyayo. Je daktari anajua kwamba kesho yake usiku ndio anatapika? Maana wagonjwa wetu wakiulizwa unaendeleaje wanasema namshukuru Mungu, basi daktari anaandika anaendelea vizuri. Mwambie kila kitu, mwambie na saa. Kuna olanzapini kidonge usiku, bei yake si kubwa na kwa kutapika huko inafanya kazi vizuri. Kwa nyayo kuna dawa za mishipa ya fahamu. Maumivu yakizidi kuna mofini ya maji, waulize watu wa tiba shufaa, wale wanaopunguza maumivu ya wagonjwa. Usianze chochote mwenyewe kwa sababu ya hiyo wafarini.

Meku_Toronto

Da Binti pole. Mimi wa Machame ila nilikaa Kanada miaka sita, nilikuwepo 2018 walipohalalisha. Mfamasia kasema yote ya kitaalamu, mimi nakuambia tu nilichokiona kwa macho.

Baba mkwe alikuwa na kansa ya utumbo, akanunua kichupa dukani kabisa chenye risiti, cha THC. Akaambiwa weka chini ya ulimi subiri, yeye kwa mazoea akameza. Ukiweka chini ya ulimi robo saa hadi dakika arobaini na tano unaanza kuisikia, ukimeza inazunguka tumboni na kwenye ini, saa nzima au mbili. Baada ya nusu saa akasema haifanyi kitu akaongeza mpira mwingine, kisha mwingine tena. Saa tatu usiku tunamkuta amekaa kwenye sakafu ya bafu ameshika sinki kwa mikono miwili, moyo unamwenda mbio, anatuuliza kama yeye ameshakufa. Mpaka asubuhi. Na yule alikuwa anajua amekunywa nini!

Kwa hiyo hiyo ya kumwekea maza kwenye uji nakuomba kwa heshima zote usifanye. Atachanganyikiwa na hatajua kwa nini, atadhani kansa imefika kichwani, na wewe utakuwa umekaa pale pembeni yake unajua. Halafu inashusha presha mtu akisimama, mama wa miaka 63 akianguka akiwa kwenye wafarini hiyo ni damu ya ndani. Baadaye baba mkwe alirudia kidogo kidogo, tone moja jioni, na kweli alikuwa anakula, siwezi kusema uongo. Ila daktari wake alijua na alikuwa anampima.

Wakili_Njiro

Kwa kifupi kwa upande wa sheria. Kule Colorado dada hana shida, huku ni kosa. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haijali kama ni msokoto au kichupa, na mmeona Kisimiri Juu pale Arumeru mashamba yanavyofyekwa. Na hata huko kwao kupanda nayo ndege ni kosa la serikali kuu. Watu wanapenda kusema UN wameshairuhusu. Desemba 2020 walichofanya ni kuiondoa bangi kwenye lile kundi kali zaidi la mkataba wa 1961, ila kwenye kundi la kwanza imebaki, na tinkcha zimetajwa humo kwa jina, lilipokuja pendekezo la kulifuta hilo neno likapigiwa kura likakataliwa. Lesotho, Zimbabwe, Malawi wana leseni zao, sisi hatuna. Dada asije akashikwa uwanja wa ndege wa KIA mbele ya mama aliyekwenda kumpokea.

Binti_Kibosho

Jamani asanteni, nimechelewa kurudi, wiki hii ilikuwa ya kemo. Nimesoma yote usiku nikiwa nimekaa naye. Kuhusu uji mmenifanya nilie kidogo ila ni kweli, sikuwa nimefikiria angejisikiaje.

Jumanne nilimwambia daktari kila kitu, nikamwambia na saa, maza akaniangalia vibaya kama nimemsengenya. Kumbe kwenye faili walikuwa wameandika hatapiki. Wamempa kile kidonge cha usiku, na cha miguu wamesema kwanza wapime INR waone. Mdomoni mfamasia ulikuwa sahihi, ana vidonda viwili upande wa kushoto, alikuwa hasemi.

Usiku wa pili alitapika mara moja tu, wa tatu akalala. Leo mtori amekula vijiko sita nimevihesabu, miguu bado inawaka. Dada nimempigia asilete chupa, akauliza sasa niletee nini, maza akasema soksi za pamba zisizobana, jozi nyingi, na aache na nafasi kwenye begi maana anataka kumpa ndizi za kurudi nazo, nimeshindwa kumwambia kwamba hata ndizi hawataruhusu.