Drafti ya fantasi ya NFL: kwotabeki achukuliwe raundi ya pili au asubiriwe?

MnadaMpya_Dom

Mbukwenyi wakuu. Ligi yetu ya fantasi ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani; kila mmoja wetu anaunda timu ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani) hapa Dodoma ina timu 12, drafti, yaani kuchagua wachezaji kwa zamu, ni Jumamosi saa mbili usiku, mfumo wa nyoka (zamu zinageuka kila raundi), raundi 15. Wanaoanza ni kwotabeki (mrusha pasi mkuu) 1, wakimbiaji na mpira 2, wapokeaji wa pasi 3, taiti endi (anayezuia na kupokea pasi) 1, nafasi huria 1 (mkimbiaji, mpokeaji au taiti endi), mpiga teke na safu ya ulinzi. Pointi: tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui) ya kurusha 4, ya kukimbia 6, kila yadi 25 za kurusha 1, kila yadi 10 za kukimbia 1, pasi iliyodakwa 1, pasi ikinaswa na adui unakatwa 2.

Nimeangukia nafasi ya 5, kwa hiyo raundi ya pili nachagua wa 20. Kwa dalili zilivyo, kati ya makwotabeki Josh Allen na Lamar Jackson mmoja atakuwa bado yupo. Nimbebe hapo hapo? Pointi anazoleta kwotabeki mkubwa ni wakimbiaji wachache sana wanaozifikia, lakini wazoefu wote wanasema subiri, na hawasemi kwa nini.

Zuzu_Stesheni

Mkuu, pointi zake nyingi ndizo zinazowapoteza watu. Kila mwenzako naye atakuwa na kwotabeki mwenye pointi nyingi. Cha kupima ni anamzidi kwa kiasi gani yule ambaye ungemwokota raundi ya 10.

Chukua msimu wa 2024, tumia vipimo vyenu, weka pembeni mipira iliyodondoshwa. Allen alirusha yadi 3,731 na tachidauni 28, akanaswa mara 6, akakimbia yadi 531 na tachidauni 12. Hiyo ni kama pointi 374. Kwotabeki mwingine, Baker Mayfield, alirusha yadi 4,500, tachidauni 41, akanaswa mara 16, akakimbia yadi 378 na tachidauni 3. Unapata 368 hivi. Agosti ile Allen alikuwa anaondoka mapema na Mayfield anaokotwa mwishoni kabisa. Tofauti yao kwa mechi 17 haifiki hata nusu pointi kwa wiki!

Sasa angalia mahitaji. Timu 12 zinahitaji makwotabeki 12, na NFL ina timu 32, kila moja na wake. Wakimbiaji mnahitaji 24 kabla ya kugusa nafasi huria, wapokeaji 36. Na timu nyingi siku hizi zinagawa kazi ya kukimbia kwa watu wawili, kwa hiyo wakimbiaji wa uhakika hawafiki hata hao 24. Ukimchukua kwotabeki kwa chaguo la 20, mkimbiaji wako wa pili atakuwa mtu wa kubeba mpira mara nane kwa mechi, na pengo hilo kwenye soko la wachezaji huru halizibiki.

Lamar mwaka huo huo ndiye hoja pekee ya upande wa pili: yadi 4,172, tachidauni 41, kunaswa mara 4, yadi 915 za miguu na tachidauni 4. Inakuja 438. Alimpita Mayfield kwa pointi 4 kila wiki, na pointi 4 zinashindisha mechi. Ila hata yeye Agosti hiyo hakuhitaji chaguo la raundi ya pili.

KikuyuKaskazini

Zuzu, hesabu yako ni sahihi lakini jumla ya msimu inaficha jambo. Fantasi inachezwa wiki kwa wiki, na kwotabeki anayekimbia ana sakafu, yaani pointi za chini asizokosa, ambayo mrushaji mtupu hana.

Yadi 50 za miguu ni pointi 5, sawa na yadi 125 za kurusha. Mrushaji mtupu akitupa yadi 300 na tachidauni 2, siku nzuri kabisa kwake, anapata 20. Anayekimbia akirusha yadi 200 tu na tachidauni 1, akakimbia yadi 60 na kufunga mara moja kwa miguu, ana 24, na magazeti yatasema alicheza vibaya. Kwa hiyo kama ni kuchagua mapema, mtu pekee wa kufikiria ni mwenye miguu, tena ambaye timu yake inampa mpira mwenyewe ikifika yadi ya 1 au ya 2. Baadhi ya zile tachidauni 12 za Allen zilitoka hapo, na kila moja inalipa 6 badala ya 4.

Hatari yake inajulikana. Anthony Richardson alichaguliwa wa 4 kwenye drafti yenyewe ya NFL mwaka 2023, akacheza mechi 4 tu, bega likamtoa. Jayden Daniels 2025 kiwiko kilihama. Lakini msidanganyane kwamba wasiokimbia wako salama: Aaron Rodgers 2023 alikatika kano ya kisigino kwenye mchezo wa nne tu wa mechi yake ya kwanza na Jets, na Joe Burrow 2025 aliumia kidole cha mguu wiki ya 2 akafanyiwa upasuaji. Jeraha linampata yeyote. Kinachobadilika ni ulimlipia nini: aliyemchukua raundi ya 9 anaokota mwingine na maisha yanaendelea.

Chako_ni_Chako

Mbona hamjamuuliza kuhusu kanuni nyingine? Kama mwenyekiti wenu wa ligi akibadilisha tachidauni ya kurusha iwe 6, mambo yanageuka. Kwa takwimu hizo hizo za Zuzu, Mayfield anaongezewa 82 na Allen 56, yaani Mayfield anampita Allen kwa karibu pointi 20. Miguu inapoteza thamani.

Na kama nafasi yenu huria ingeruhusu kwotabeki wa pili, basi ushauri wote hapo juu tupa. Timu 12 zingetaka 24 kati ya 32, na kuna wiki za mapumziko kuanzia wiki ya 5 hadi ya 14 ambapo hata hao 32 hawapo wote. Hapo kwotabeki anaondoka raundi ya kwanza, na asiyefanya hivyo ataanzisha mtu wa akiba wa timu mbovu.

MnadaMpya_Dom

Nimewaelewa, kanuni zetu hazibadiliki. Sasa kusubiri mpaka lini? Naogopa nikisubiri nijikute nimebaki na makapi.

Zuzu_Stesheni

Machaguo yako ni 5, 20, 29, 44, 53, 68, 77, 92, 101 na kuendelea. Jifunze umbo lake. Kati ya 53 na 68 kuna machaguo 14, na yote yanafanywa na viti (nafasi za drafti) vya 6 hadi 12, kila mmoja mara mbili. Kati ya 68 na 77 kuna machaguo 8 tu, ya viti vya 1 hadi 4. Kwa hiyo ukifika 68, angalia vikosi vya watu wanne hao tu. Wakiwa tayari wana kwotabeki, hawatachukua wa pili mapema hivyo. Mchukue mkimbiaji sasa na kwotabeki wako utamkuta 77. Ukiwa 53, watazame wale saba wa upande wa pili. Watano kati yao wakiwa hawana, usicheze na bahati.

Jambo la pili ni mkumbo. Makwotabeki watatu wakiondoka mfululizo, kijiwe kizima kinapata homa. Anayechukua wa tano kwenye mkumbo analipa bei ya wa kwanza kwa mzigo wa tano. Wakikimbilia huko, wewe zoa wapokeaji waliowaacha.

Allen au Lamar akiteleza hadi 44, mchukue bila kuuliza mtu. Akiwa 29, tazama kwanza kama tayari una mkimbiaji mmoja na mpokeaji mmoja wa uhakika. Kwa chaguo la 20, hapana.

KikuyuKaskazini

Kwa 29 mimi ningemchukua hata bila masharti hayo, lakini hatutagombana kwa chaguo moja.

Benchi lenu lina watu 5. Ukichukua kwotabeki mkubwa, usiweke wa pili. Nafasi hiyo mpe mkimbiaji wa akiba ambaye mwenye namba akiumia anarithi kila kitu. Ukisubiri hadi raundi ya 10, chukua wawili, wiki zao za mapumziko zisigongane, na angalau mmoja awe kwotabeki anayekimbia.

Ipagala_Usiku

Nyongeza kwa sisi wa saa za huku. Mechi za kwanza za Jumapili ni saa mbili usiku hadi mwanzoni mwa Novemba, Wamarekani wakirudisha saa nyuma zinakuwa saa tatu. Majina ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni. Hapo simu iwe na chaji na bando.

Mtego ni mechi ya Jumatatu yao, ambayo kwetu ni Jumanne saa tisa na robo usiku. Kwotabeki wako akiwa na alama ya mashaka na anacheza mechi hiyo, ukiamka asubuhi ukute hakucheza, una sifuri, maana wengine wote walishafungiwa tangu Jumapili. Ama umweke mwingine Jumapili jioni, ama uwe na kwotabeki wa akiba anayecheza Jumatatu hiyo hiyo.

Na Jumamosi kabla ya drafti panga foleni ya majina 20 hivi kwenye programu. Umeme ukikatika na muda wako ukaisha, programu inachagua inavyotaka, na ikikuta foleni tupu inaweza kukupa kwotabeki wa pili raundi ya 6. Kwenye foleni hiyo weka kwotabeki mmoja tu, na ukishachukua kwotabeki mwingine kwa mkono wako, mfute.