Baba ana moyo uliotanuka: tuuze kiwanja akatibiwe kwa seli shina zake mwenyewe?

Mtoto wa Pongwe
Shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 63. Tangu apate shambulio la moyo miguu inavimba, na usiku analala kwa kuegemea mito mitatu. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwisho imesoma EF, yaani sehemu ya damu inayosukumwa nje kila moyo unapopiga, 25%. Wakala mmoja ametuletea habari za kliniki iliyoko India: wanatoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, wanachuja seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), kisha wanazirudisha moyoni kwa mrija. Anasema kwa kuwa ni seli zake mwenyewe, mwili hautazikataa, na moyo utaota nyama mpya. Bei ni dola 18,000, nauli mbali. Kaka zangu wameshapata mnunuzi wa kiwanja, tunatia saini Jumamosi. Naombeni ushauri.

Nesi wa Kliniki ya Moyo
Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Nakuomba uwazuie kaka zako wasisaini.

Jambo lenyewe wakala hakulitunga. Mwaka 2000 Philippe Menasché wa Paris alichukua seli za msuli wa paja la mgonjwa akazipandikiza moyoni mwake. Uboho nao ukafuata. Lakini mwaka 2004 maabara mbili za Marekani zilionyesha kwa panya kwamba seli za uboho hazigeuki msuli wa moyo. Aliyeipigia debe sana hoja ya nyama mpya, Piero Anversa wa Boston, aliishia pabaya: mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya Brigham walitaka makala 31 za maabara yake zifutwe. Hili linaniuma, maana wapo wagonjwa waliokubali kuchomwa sindano za moyo kwa kuziamini makala zile.

Japani iliruhusu kwa masharti, mwaka 2015, utando wa seli za msuli wa mgonjwa unaobandikwa juu ya moyo. Mwaka 2024 wataalamu wa serikali wakasema ushahidi hautoshi, ukaondolewa. Jaribio la 2016 lililotumia uboho wa mgonjwa mwenyewe lilileta nafuu: waliopewa seli walilazwa au kufa wachache zaidi. Ila EF yao haikupanda, na waliohesabiwa kwenye matokeo walikuwa 109 tu, waliopewa na wasiopewa.

Mwongozo wa India wa 2017 unasema kumpa mgonjwa seli hizi nje ya jaribio lililoidhinishwa ni ukiukaji wa maadili ya udaktari. Na kwenye jaribio halali mgonjwa hauziwi tiba inayojaribiwa. Hiyo dola 18,000 inakutosha kujua mnashughulika na nani.

Baba anatumia dawa gani? Niandikie zote, na miligramu zake.

Abuu Mvita
Dada, tusimkatishe kijana tamaa. Ami yangu alifanyiwa hayo, akarudi anapanda ngazi mwenyewe.

Nesi wa Kliniki ya Moyo
Nafurahi kwa ajili ya ami yako, kaka Abuu. Ila kwenye majaribio hata waliofanyiwa utaratibu wa kuigiza, bila kupewa seli, wengi hujisikia vizuri zaidi. Don Ho, mwimbaji wa Hawaii, alitibiwa Bangkok mwishoni mwa 2005 kwa seli za damu yake, akasema amepata nguvu. Aprili 2007 moyo ulishindwa, akafariki. Eko ya ami yako kabla na baada inasemaje?

Abuu Mvita
Ya baada hawakumfanyia.

Mtoto wa Pongwe
Nimetazama mfuko wa dawa: frusemidi 40 mara mbili, aspirini, kavedilol 3.125 mara mbili. Basi.

Nesi wa Kliniki ya Moyo
Frusemidi inatoa maji tu. Moyo kama huu una makundi manne ya dawa, naye ana moja, kavedilol, tena kwa dozi ya kuanzia. Muulizeni daktari kuhusu enalapril au sakubitril na valsartan, spironolaktoni, na dapagliflozini. Hiyo ya mwisho ilijaribiwa kwa watu 4,744 mwaka 2019: waliozidiwa au kufa kwa moyo walipungua kwa asilimia 26. Msinunue wenyewe dukani. Kwanza apimwe figo, potasiamu na presha, na arudie vipimo wiki moja au mbili baada ya kuanza. Nendeni na huo mfuko wa dawa, na karatasi ya eko. Na kila asubuhi, akishatoka msalani na kabla ya chai, apime uzito aandike. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, msisubiri tarehe ya kliniki.