Nani anakumbuka mangaribi za gitare mu ile kakafe ya Katuba?

mutoto_wa_katuba
Jambo yenu bandugu. Niko na ulizo. Nilikuwa bado mu sekondari, na baba mudogo alikuwa ananipelekaka kila siku ya posho mu kakafe kamoja kule Katuba, mu Lubumbashi, meza ine tu, kahawa mu bikombe bya emaye na bitumbula bya moto, mama mwenyeji alikuwa anakaanga pa mbabula inje ya mulango mpaka moshi yote inaingia ndani na hakuna mwenye kulalamika. Kulikuwa muzee mumoja na gitare ya mbao, bila mikro bila ampli, anaimba Kiswahili, anatupia Kibemba katikati, na mi nilikuwa naapa kama kuko muntu wa pili anapiga nyuma ya rido. Siku moja nikaenda kuangalia, kumbe ni mifuko ya makala tu. Ile mupigo ni ya namna gani? Mutoto wangu amenunua gitare, anapiga akordi tu, haifanane hata kidogo.

yaya_kamalondo
Mudogo wangu, hauko wa kwanza kutafuta muntu nyuma ya rido 😂 Ni bidole bibili tu, gumba na kile cha kwanza. Gumba inatembea ku kamba za sauti nene, haipumzike, kile kingine kinaimba juu. Njo gitare yetu ya Katanga ile. Mwenda Jean Bosco njo aliitembeza dunia, Hugh Tracey, muzungu mwenye kukusanya miziki ya Afrika, alimurekodi wimbo yake Masanga mu 1952 kule Jadotville, maana yake Likasi, na mpaka leo bazungu banaumia bidole juu ya kuiiga. Mwambie mutoto aache akordi, aanze na gumba peke yake, wiki mbili. Atachoka, mwache achoke.
Mi kile nakumbuka sana ni kalamu. Muzee alikuwa anaweka kalamu ya mbao ku shingo ya gitare, anaikaza na kipande cha mupira ya kinga, maana yake baiskeli, sauti inapanda. Na kijana mumoja pembeni anagonga chupa ya Fanta, tik tik tik, akikosea muzee anamuangalia tu.

fundi_karindula
Munasifu sana ile nafasi lakini sisi ba karindula hawakutupenda pale. Tulikuja mara moja na yetu, ile banjo kubwa ya pipa ya mafuta, ngozi ya mbuzi, kamba ine, tukapiga wimbo moja, bikombe bikaanza kutembea peke yao ku meza. Mama akatupa bitumbula bya bure akasema muende mukapige inje. Kusema kweli alikuwa na haki, karindula inataka kiwanja na vumbi.

bibi_ya_ruashi
Na kurent ikikatika! Hakuna aliyesimama. Giza, makala inang'aa pa mulango, muzee hata hakukata wimbo, mi nilimwanga kahawa yote ku robe ya yaya yangu na akaona kesho yake asubui.

mutoto_wa_katuba
Aksanti sana wote. Yaya, tumejaribu na Bic, inateleza. Ile kalamu ilikuwa ya mviringo ao ya pembe?

yaya_kamalondo
Ya pembe. Na mupira muuzungushe mara tatu.